Womubladi ni farasi gani hasa, na ukisafiri kwenda kujifunza habari zao uangalie nini

Mji wa Aachen, Ujerumani, kupewa mashindano ya dunia ya farasi ya 2026 kumeamsha tena gumzo ambalo huwa linarudi kila msimu. Watu wanatazama klipu, wanaona farasi mrefu anavuka viunzi vya mita 1.60, wanaambiwa huyo ni womubladi, na hapo maswali yanaanza. Womubladi ni aina gani ya farasi, mbona mmoja anaitwa wa Hannover mwingine wa Holstein mwingine wa Uholanzi halafu wote wanafanana, na mtu akitaka kusafiri kwenda kujifunza wanavyozalishwa akate tiketi ya kwenda wapi. Majibu mengi yanayozunguka yamechanganya mambo, na kuna watu wanatumia hela nyingi kusafiri wakarudi wameona mashindano mazuri sana lakini kuhusu uzalishaji hawajajifunza kitu. Hilo linaniuma kwa sababu mambo yenyewe yanaeleweka, yanataka tu kufunguliwa moja moja.

Tuanze na jina maana wengi wanapotelea hapo. Womubladi maana yake farasi wa damu vuguvugu, na si kwamba damu yake ina joto tofauti, farasi yeyote mzima akiwa ametulia ana nyuzi joto kati ya 37.5 na 38.5 hivi, awe wa mbio au wa kuvuta magogo. Joto hapa ni tabia na umbo. Wale wanaoitwa damu moto ni farasi wa Kiarabu na Thorobredi wa mbio, wepesi, wakali kidogo, wanashtuka haraka. Damu baridi ni wale wazito wa kazi, Shire, Percheron na wenzao, wapole na mifupa minene. Womubladi yuko katikati, ila hiyo "katikati" isikudanganye ukadhani ukimpandisha Thorobredi na Percheron leo basi mtoto atakayezaliwa mwakani ni womubladi. Huyo ni chotara, anaweza akawa farasi mzuri tu, lakini womubladi ni matokeo ya vizazi na vizazi vya kuchagua, huku kuna watu wanaandika, wanapima na wanakataa.

Na hicho chombo cha kuandika na kukataa ndo kitu cha kukielewa kabla ya kingine chochote. Kinaitwa kitabu cha ukoo. Usifikirie kitabu cha kwenye rafu, ni chama cha wafugaji chenye rejista yake, majaji wake, sheria zake na lengo lake, yaani wameandika kabisa wanataka kuzalisha farasi wa namna gani. Ujerumani wapo Hannover, Holstein, Oldenburg, Westfalen na Trakehner, Uholanzi wapo KWPN, Ufaransa Selle Français, Ubelgiji wapo BWP na Zangersheide, halafu kuna Wasweden na Wadenmark. Vingi vya vitabu hivi viko wazi, na mgeni akifika hapo huchanganyikiwa kabisa. Chukulia shule inayopokea wanafunzi wanaohamia kutoka shule nyingine mradi wafaulu mtihani wa kujiunga, mwanafunzi akimaliza anabeba jina la shule ile hata kama wazazi wake walisoma kwingine. Kitabu cha ukoo kinafanya hivyohivyo. Kwa hiyo "Hannover" haikuambii damu yote ya huyo farasi imetoka Hannover, inakuambia nani alimkagua na kumwandikisha.

Mfano upo wazi. Totilas, yule dume mweusi aliyechukua dhahabu 3 za dresaji (mchezo wa farasi kuonyesha mwendo na utii) Kentucky mwaka 2010 akiwa na mpanda farasi Edward Gal, aliandikishwa KWPN, farasi wa Kiholanzi kabisa kwa makaratasi, lakini baba yake Gribaldi alikuwa Trakehner. Big Star aliyempa mpanda farasi Nick Skelton dhahabu ya kuruka viunzi Olimpiki ya Rio 2016 naye ni KWPN, na baba yake Quick Star ni Selle Français. Ukimwambia mfugaji wa Ulaya kwamba unatafuta womubladi "asiyechanganywa" atakutazama tu, kwa sababu kuchanganya kwa akili ndo kazi yenyewe.

Trakehner peke yao wanajitenga kidogo. Kwao damu ya nje inayokubalika ni Thorobredi na ile ya Kiarabu na jamii zake, womubladi wa vitabu vingine hawaingii. Na wana sababu ya kuilinda. Shamba la Trakehnen lilianzishwa Prussia Mashariki mwaka 1732 na mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza, wakajenga farasi wa jeshi kwa zaidi ya miaka 200, halafu majira ya baridi ya 1945 vita ikawafikia. Familia zikafunga mikokoteni, zikakimbia na farasi wao kuelekea magharibi, wengine wakavuka juu ya barafu ya ziwa la pwani lililoganda huku wakishambuliwa kutoka angani. Wengi hawakufika. Trakehner wote waliopo leo wanatokana na wale wachache walionusurika, ndo maana ukikaa na wafugaji wao wanaongea habari za ukoo kwa uzito ambao kwingine hauusikii sana.

Kwingine historia ni ya kazi. Shamba la madume la Celle, Ujerumani, lilianzishwa 1735 na George wa Pili, mfalme wa Uingereza ambaye pia alikuwa mtawala wa Hannover, ili wakulima wapate madume wazuri wa kuzalishia farasi wa shamba, gari na jeshi. Baada ya vita ya pili ya dunia trekta likachukua kazi ya farasi, na wafugaji wakabaki na swali gumu, waache au wabadilike. Wakabadilika, wakageukia michezo. Njia yao ilikuwa kuingiza Thorobredi ili farasi wawe wepesi zaidi, Holstein kwa mfano wakamleta Thorobredi anaitwa Ladykiller, akawazalia Landgraf na Lord, na mwaka 1971 wakamleta Cor de la Bryère kutoka Ufaransa. Ukifungua ukoo wa farasi wengi wanaoruka leo utakutana na majina haya tena na tena. Kwa hiyo womubladi wa michezo unayemwona kwenye klipu, pamoja na mashamba ya karne ya 18 yaliyo nyuma yake, ni kitu cha miaka 70 hivi.

Sasa uchaguzi wenyewe unafanyikaje. Upande wa madume ni mkali sana. Dume kijana anakaguliwa akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Kwanza daktari, picha za eksirei za miguu, kwa sababu kuna matatizo ya viungo na gegedu ambayo hayaonekani kwa macho. Halafu anatembezwa na kukimbizwa kwenye sakafu ngumu majaji waone miguu inavyokanyaga, halafu anaachiwa ukumbini bila mpanda farasi aonyeshe troti (mwendo wa kukimbia taratibu) na kenta (mwendo wa kasi zaidi), na wale wa kuruka wanapitishwa kwenye njia yenye viunzi vilivyopangana, cha mwisho kinapandishwa kidogo kidogo. Akipita anapewa leseni, lakini hiyo leseni ni ya mwanzo tu, bado kuna majaribio ya kupandwa, na baadaye watoto wake wenyewe ndo watamhukumu. Wengi hawapiti. Wanahasiwa na kuwa farasi wa kupanda, na wala si aibu, ni maisha mazuri tu.

Nalisema hili kwa sababu kuna imani imekaa sana kwamba farasi bingwa lazima ni mzazi wa mabingwa. Valegro, yule wa Charlotte Dujardin aliyeweka alama 94.3 kwenye dresaji ya muziki London mwaka 2014, alikuwa amehasiwa. Hana mtoto hata mmoja. Ukienda kumtafuta mtoto wa Valegro hutampata popote, utapata ndugu zake kwa baba, yaani watoto wa Negro. Na hata dume bingwa mwenye watoto mia kadhaa, wengi wao watakuwa farasi wa kawaida wazuri, kwa sababu nusu ya jeni zinatoka kwa mama, na kila mtoto anabahatisha mchanganyiko wake.

Na mama ndo sehemu ambayo watu wanairuka, mimi naona ni kosa kubwa kuliko yote kwa mtu anayetaka kujifunza. Dume anaonekana kwa sababu anatangazwa, ana picha, ana video, mbegu zake zinauzwa nchi nyingi. Jike yuko malishoni. Lakini muulize mfugaji mzoefu yeyote wa Holstein atakuambia farasi wake kwa namba ya ukoo wa mama, kwa sababu kule kila mstari wa majike una namba yake na wanaifuata kizazi hadi kizazi. Uholanzi majike wanapewa madaraja, ster, keur, elite, na jike ambaye watoto wake wamefanya vizuri anaitwa preferent au prestatie, hayo ni majina ya heshima yanayotafutwa kwa miaka. Jike anayeitwa Ratina Z ni mfano unaojitosheleza. Alishinda dhahabu ya timu ya kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992 akiwa na Piet Raymakers wa Uholanzi, akashinda tena dhahabu ya timu Atlanta 1996 akiwa na Ludger Beerbaum wa Ujerumani, na baadaye akawa mama wa dume Comme il faut aliyeshindana ngazi za juu na Marcus Ehning. Damu ya aina hiyo huioni ukisoma upande wa baba tu.

Teknolojia nayo imebadilisha hesabu. Thorobredi wa mbio sheria zao haziruhusu uhimilishaji, lazima dume na jike wakutane. Womubladi wanaruhusiwa, kwa hiyo mbegu inachukuliwa shamba moja, inapoozwa au kugandishwa, na daktari anaiweka kwa jike aliye nchi nyingine kabisa. Zaidi ya hapo kuna kuhamisha kiinitete, jike anayeshindana anapata mimba, kiinitete kinatolewa kikiwa na siku chache na kuwekwa kwa jike mwingine wa kubeba, yeye anarudi mazoezini. Yule mbebaji anakaa nacho miezi 11 na kumnyonyesha mtoto lakini kwenye karatasi mama ni yule wa kwanza. Ukiona kwenye ukoo jike kazaa watoto watatu mwaka mmoja usidhani wamekosea kuandika.

Kuna na hili la ugonjwa unaoitwa WFFS, limewaogopesha watu wengi na linaelezwa vibaya. Ni kasoro ya jeni inayofanya ngozi na viungo vya mtoto kukosa nguvu, ngozi inachanika, mtoto anakufa au inabidi alazwe usingizi wa mwisho muda mfupi baada ya kuzaliwa. Inasikitisha sana kwa aliyesubiri karibu mwaka mzima. Lakini mtoto anaupata tu akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mwenye nakala moja ni mzima kabisa, anaitwa mbebaji, na karibu mmoja kati ya womubladi 10 yuko hivyo. Mbebaji akipandishwa na asiye mbebaji hakuna mtoto atakayeugua. Mbebaji kwa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kutoka mgonjwa. Kipimo kipo, ni cha nywele au damu, na vitabu vingi sasa vinatangaza hali ya madume wao. Kwa hiyo wale wanaosema madume wote wabebaji watupwe wanazidisha, cha muhimu ni jike apimwe kabla.

Haya, sasa safari. Ukishaelewa kwamba womubladi ni mfumo wa kuchagua, utaona kwa nini mashindano makubwa peke yake hayakutoshi. Aachen nenda kama unaweza, ile sherehe imekuwepo tangu 1924 na kuona uwanja mzima ukipunga leso nyeupe siku ya mwisho kuwaaga washindani ni jambo la kukaa nalo, lakini pale unaona farasi wa miaka 10 na zaidi ambao wameshachaguliwa, wameshafunzwa, wameshakomaa. Uzalishaji unauona kwenye ukaguzi na kwenye mashindano ya farasi vijana.

Kama ni safari ya kwanza mimi ningechagua 's-Hertogenbosch, Uholanzi, ambako KWPN kwa kawaida wanaonyesha madume wao mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Unakaa ndani, kuna joto, siku nzima wanapita madume vijana mmoja baada ya mwingine, majaji wanatoa maamuzi palepale na kueleza kwa nini, halafu wanaletwa madume wakubwa pamoja na watoto wao. Ukisikiliza siku mbili tu jicho lako linabadilika. Vuli kuna Ujerumani, Verden kwa Hannover na Neumünster kwa Holstein, na Trakehner nao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana hapohapo Neumünster. Septemba ni nzuri kwa mtu anayetaka kuunganisha, farasi vijana wa Ujerumani wanashindana Warendorf mwanzoni mwa mwezi, halafu Lanaken, Ubelgiji, ndo ubingwa wa dunia wa kuruka kwa wa miaka 5, 6 na 7. Oktoba Le Lion d'Angers, Ufaransa, ni zamu ya wa miaka 6 na 7 wanaofanya yote matatu, dresaji, mbio za porini na kuruka. Celle wana maonyesho ya madume yanayopendwa sana lakini yale ni maonyesho, wanapendeza na muziki na magari ya farasi, hakuna anayefeli pale, kwa hiyo nenda ufurahi usiende ukidhani utaona mtihani.

Halafu kuna watu wanadhani ukaguzi ni wa wenye farasi tu, au wa waalikwa. Hapana. Kwa kawaida ni tiketi kama tukio lingine, na wakulima wa kawaida ndo wamejaa kwenye viti. Nunua katalogi siku ya kwanza, maana bila hiyo umepotea. Ndani kuna ukoo wa kila farasi na utakuta alama ndogo ndogo, jina linalofuatiwa na xx ni Thorobredi, linalofuatiwa na ox ni wa Kiarabu. Hata herufi za majina zinasema kitu. Hannover mtoto anaanza na herufi ya baba, Trakehner herufi ya mama, KWPN herufi ni ya mwaka, waliozaliwa mwaka mmoja wote wanaanza na herufi moja.

Ukikaa kutazama usikimbilie troti. Troti ndo inayopigiwa makofi, mguu wa mbele unarushwa juu na watu wanashangilia, lakini troti inaboreshwa sana na mazoezi. Kutembea kwa kawaida hakuboreshwi kirahisi, farasi aliyezaliwa na mwendo mfupi atabaki nao, ndo maana majaji wanatulia sana pale farasi anapotembea tu na mashabiki wanachezea simu. Kenta nayo angalia, kama mbele kunanyanyuka na mguu wa nyuma unaingia chini ya tumbo. Kwenye kuruka usiangalie urefu peke yake, angalia farasi akigusa kiunzi raundi inayofuata anafanya nini, yule anayejirekebisha mwenyewe bila kuambiwa ana kitu ambacho hakifundishiki. Na ukipata nafasi nenda uwanja wa kupasha misuli, pale hakuna muziki wala mwanga, unaona farasi anavyovumilia kelele na wenzake.

Mnada ukiwepo, na karibu kila ukaguzi una mnada, kaa utazame ila usichukue bei kama kipimo cha ubora. Bei inapanda kwa baba aliye kwenye fasheni mwaka huo, kwa wawili wanaogombea, kwa taa na kwa aliyemwandaa. Bei inayotajwa nyundo ikigonga mara nyingi si ya mwisho, kuna kamisheni ya mnada, kodi na bima juu yake. Kama kweli unataka kununua, picha za eksirei huwa zipo, mlipe daktari wako mwenyewe azisome.

Kuhusu makaratasi, anayehitaji viza ya Schengen akumbuke ni siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa nchi zote za eneo hilo pamoja, kwa hiyo Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani na Ufaransa zinahesabiwa kwenye mfuko mmoja. Hoteli za miji midogo kama Verden zinajaa mapema wiki ya ukaguzi.

Mashamba ndo penye somo refu zaidi lakini usifike bila kuomba. Kuanzia Februari mpaka katikati ya mwaka asubuhi wanashughulika na mbegu na majike, hawana muda wa mgeni wa ghafla. Na magonjwa yachukulie kwa uzito, mwaka 2021 virusi vya hepesi ya farasi vilianzia kwenye mashindano ya Valencia na shirikisho la dunia, FEI, likasimamisha mashindano nchi 10 za Ulaya, farasi kadhaa wakafa. Kama umetoka shamba moja unaenda jingine badilisha nguo, safisha viatu hadi kwenye soli, na usimshike farasi yeyote mpaka uambiwe. Ukishaingia, uliza jike huyu kazaa na nani, watoto wake wako wapi sasa, nani alimkagua na alipata alama gani kwenye kutembea. Na mwenye shamba akikuuliza unataka kuanza kuona nini, mwambie majike, wale wazee walioshazaa watoto watano sita, halafu umwombe akupeleke kwa mabinti zao.